Taa ya injini (sehemu ya 6)

Mama zangu, leo chanjo tuziweke pembeni. Kigari chetu cha 2003 kiliwasha taa ya injini, mashine ikasoma P0171: hewa nyingi, mafuta machache. Fundi akabadilisha sensa ya oksijeni, akafuta namba. Hela ya ada ya mtoto ikaenda hapo. Siku ya tatu taa hiyoo! Ni kama kumpa mtoto panadol bila kumpima malaria, na mimi nesi nikakubali. Usiku natoka kumchukua mwanangu kwa bibi yake Mikindani, gari likazima gizani, tuko wawili tu. Niliogopa jamani. Fundi mzee aliiacha injini inaunguruma, akasikiliza: mpira wa hewa umepasuka. Elfu nane tu. Nikaidai sensa yangu ya zamani. Yule wa kwanza kashaiuza.