Taa Tano Mlimani

Wengi wetu tumelelewa kwa mwanga wa koroboi, tukakua tukidhani kwamba taa ni taa. Ndiyo maana tulipokubaliana, akina mama watano wa kikundi kimoja cha maombi, kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi Februari 2019, tulibishana wiki nzima juu ya viatu na makoti, lakini taa za kichwani tulizimaliza kwa dakika mbili. Mweka hazina wetu apewe fedha, akanunue za bei nafuu.

Alizinunua tano, kila moja na betri tatu nyembamba, pamoja na betri za akiba kwa kila mmoja wetu. Tulizijaribu sebuleni, zikatutia kiwi machoni, tukamsifu kwa kubana matumizi.

Sebule haina baridi wala upepo. Namba ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi inaeleza ukali wa mwanga, haisemi mwanga huo utadumu saa ngapi. Kwa mtu anayetembea katika njia iliyo wazi, lumeni 200 au 300 zinamtosha kabisa, tena muda mwingi atatumia pungufu ya hapo. Tulipaswa kuuliza mengine. Je, taa inainama ili imulike miguuni? Swichi yake inabonyezeka ukiwa umevaa glavu nene? Mkanda unaenea juu ya kofia ya sufi? Inavumilia manyunyu? Ule mwanga mwekundu tuliuona kama pambo la watoto, kumbe ndio wa kutumia kibandani wenzako wakiwa wamelala, na macho hayapotezi uzoefu wa giza.

Tulipita njia ya Marangu, yenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Jioni mbili za kwanza tuliziwasha taa zetu kwa nguvu zote, kwa ibada, kwa kupanga mizigo, na kwa hadithi ambazo zingeweza kusimuliwa gizani. Mmoja wetu (hatumtaji, mwenyewe anajijua) aliamka Horombo akakuta taa yake imewaka ndani ya begi usiku kucha. Chupa ya maji ilikuwa imeigandamiza swichi. Kama taa yako haina kufuli ya swichi, toa betri moja kabla ya kuifungia kwenye mzigo. Asubuhi hiyo hiyo mweka hazina alituambia betri za akiba tuzivae kifuani, ndani ya nguo, zisipigwe na baridi. Tulicheka. Tukazitia kwenye mfuko wa juu wa begi.

Kibo ni karibu mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Tuliondoka saa sita usiku, mwongozaji mbele na msaidizi wake nyuma, hatua moja moja kwenye changarawe inayoteleza. Mwongozaji alituonya tusimgeukie mwenzetu usoni wakati wa kusema naye, maana taa humpofusha, naye hubaki dakika kadhaa haoni anapokanyaga.

Ilipofika saa nane, taa ya mweka hazina ilififia, kisha ikazimika. Punde ikafuata ya mwingine. Huyu alibadilisha betri kwa vidole vilivyokufa ganzi, lakini zile za akiba nazo zilikuwa baridi kama barafu, zikatoa mwanga wa kimulimuli. "Ndiyo bei nafuu hiyo," mmoja wetu alisema, kwa sauti ya kutosha. Mweka hazina hakujibu. Alikuwa ameshika kichwa.

Kwenye pango la Hans Meyer alitapika, akaanza kuyumba. Mwongozaji hakusita: mama huyu anashuka sasa hivi na msaidizi. Lakini katika changarawe ile kila mtu anahitaji taa yake, kwa kuwa ukimulikwa kutoka nyuma unatembea ndani ya kivuli chako mwenyewe. Taa zilizokuwa zikiwaka kwetu zilibaki tatu.

Tunaandika hili kwa aibu. Tulinyamaza. Kila mmoja alitazama chini, na kila mmoja, tulikuja kukiri baadaye, aliwakumbuka wale wanawali kumi, jinsi wale watano wenye busara walivyokataa kugawa mafuta yao, akapata faraja humo. Mdogo wetu kuliko wote ndiye aliyevua taa yake na kumfunga mgonjwa kichwani.

Wanne tuliobaki tulipanda na taa mbili na ile ya mwongozaji, tukishikana mikoba kama vipofu. Jua lilichomoza tukiwa Gilman's Point. Tuliishia hapo.

Tuliporudi Kibo tuliweka mabegi juani. Mmoja wetu akaibonyeza ile taa iliyokufa, kwa mazoea tu. Ikawaka. Betri za alkalini hazikuwa zimekwisha. Baridi hupunguza nguvu zake, na zikipata joto hurudi. Betri za lithiamu huvumilia baridi zaidi, tena ni nyepesi, ila ni ghali, na usome kwanza karatasi ya taa yako maana si zote zinazozikubali. Za kuchaji nazo hunywea kwenye baridi, kwa hiyo zilale nawe kitandani.

Tukiwa tumeizunguka taa ile, yule ambaye taa yake iliwaka begini akaanza kulia. Betri za akiba hazikumtosha, akasema, aliogopa kuzianza mapema. Alikwenda kwa mweka hazina kimya kimya, naye akampa za kwake zote.

Tulimkuta Horombo jioni, amekaa benchini na kikombe cha uji, kichwa kimetulia. Tulisimama mbele yake kama watoto waliovunja chungu. Aliyesema maneno yale ya bei nafuu akaomba radhi kwanza, akafuata wa betri, tukafuata sote.

"Niliwasikia," alisema. "Mmekula?"

Kisha akamrudishia mdogo wetu taa yake. Ilikuwa nyepesi. Akaingiza mkono kifuani, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaifungua. Zilikuwa betri tatu, bado zina joto.