Ile "Eeh" Niliyomwambia Guka

Kuna msee aliniuliza juzi baada ya kuniona nikicheza gemu: "Buda, kwani hiyo bunduki yako haishikangi uchafu?" Alikuwa anatania, lakini swali lilinikaa. Kwenye gemu unafyatua risasi elfu mbili, unavuka mto, unatambaa kwenye matope, na bunduki iko tu fresh. Risasi zikiisha unabonyeza kitufe, unaendelea. Sijawahi ona gemu inakuambia, hebu kaa chini kwanza, tafuta kitambaa, usafishe mtutu.

Mimi naijua hiyo kazi. Na kuna siku niliiharibu vibaya sana.

Guka yangu alikuwa reservist huko Sipili, Laikipia. Kama umekulia Nairobi kama mimi, hao ni raia ambao serikali ilikuwa inawapa bunduki wasaidie kulinda kijiji, bila mshahara. Mchana analima mahindi, usiku ng'ombe za watu zikiibwa anaitwa. Bunduki yake ilikuwa ile wazee wanaiita Mark 4. Jina lake kamili ni Lee-Enfield No. 4, bunduki ya Waingereza iliyoanza kutengenezwa kwa wingi 1941. Ilikuwa imemzidi Guka umri. Unaweka risasi kumi, na kila ukifyatua moja lazima uvute bolti kwa mkono ndio nyingine iingie.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Guka alikuwa anaketi nyuma ya nyumba na kuisafisha, hata kama hakuna aliyefyatua kitu mwezi mzima. Mimi nilikuwa naendaga huko likizo ya Desemba, na hiyo ndiyo ilikuwa sinema yangu. Kwanza anatoa risasi zote, anazihesabu, anamwita shosho aziweke mbali. Halafu anatoa bolti. Ni hapo tu ndio nilikuwa naruhusiwa kusogea.

Kwenye kitako cha hiyo bunduki kuna kifuniko kidogo cha chuma. Ukikifungua, ndani kuna kichupa cha mafuta na kamba. Hiyo kamba, upande mmoja ina kijiuzito cha shaba, upande mwingine ina vitanzi vya kushika kitambaa. Unaangusha kijiuzito kutoka nyuma, pale risasi huingilia, kinatokea mbele kwenye mdomo wa mtutu. Halafu unavuta kamba mara moja, moja kwa moja, bila kusimama katikati. Kitambaa kinapita mtutu mzima na kutoka na uchafu.

Guka alikuwa na sheria zake. Usivute kamba ikiwa imeegemea ukingo wa mdomo wa mtutu, kwa sababu ikisugua hapo miaka na miaka itachimba chuma, na risasi inatoka ikienda inakojua yenyewe. Kitambaa kisizidi kipimo. Inchi nne kwa mbili, basi. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyopinda kama ya skrubu, ndiyo inafanya risasi izunguke ikitoka ili iende sawa. Kitambaa lazima kibane vizuri kifike kwenye hiyo mifereji, lakini kisibane hadi kikwame.

Halafu kuna hii ambayo ilinishangaza zaidi. Bunduki ikiwa imefyatuliwa, Guka alikuwa anaanza na maji moto. Maji, kwa chuma! Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Kumbe risasi za zamani zina kemikali kwenye kile kidude kinachowasha baruti, na kikiungua kinaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi kabisa, ndugu ya ile ya ugali na sukuma. Inavuta unyevu wa hewa, na ndani ya siku chache mtutu unaanza kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Ukipaka mafuta juu yake, kwa macho bunduki iko safi inang'aa, lakini chini inaoza polepole. Maji ndiyo yanaitoa. Ndio ukaushe, halafu sasa mafuta.

Mwisho wa yote, kila mara, Guka alikuwa anaelekeza mtutu mtupu juu angani na kuchungulia kutoka nyuma. Kukiwa safi unaona duara la mwanga na mifereji imejipinda kuelekea kwa hiyo nuru. Aliniruhusu nichungulie. Ni kitu kizuri, enyewe.

Sasa sikizeni. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Guka alikuwa ameanza kuisafisha, simu yake ikalia. Network huko ilikuwa ya kubahatisha, akaenda kusimama kando ya ua kama hatua ishirini hivi. Risasi hazikuwepo, bolti alikuwa ameibeba mfukoni. Mimi nikajiambia, wacha nimalizie mzee. Nimshangaze. Na kwa sababu nilitaka iwe safi zaidi ya vile yeye anafanyanga, kitambaa nikakikunja mara mbili.

Nikavuta. Kikaingia, kikafika katikati, kikagoma. Nikasimama, ile kitu aliniambia nisifanye. Nikazungusha kamba mkononi, nikaweka mguu kwa kitako, nikavuta na nguvu zangu zote.

Kamba ikakatika.

Nilibaki na kipande mkononi. Kingine kilikuwa ndani na kitambaa. Nikaficha kile kipande kwa soksi. Hadi leo nakumbuka vile kilikuwa kinanidunga nikitembea.

Guka akarudi mbio. Ile simu ilikuwa ya kumwambia ng'ombe za jirani zimechukuliwa, na wenzake wawili tayari wako njiani wanafuata. Akaniuliza, "Baba, umemaliza?"

Nikasema, "Eeh."

Ni hivyo tu. Neno moja. Akachukua bunduki, shosho akaleta risasi, akaanza kutembea kwenda kwa geti. Mimi nimesimama hapo, mdomo umekauka. Nilijua kitu kiko ndani. Sikujua vile ni hatari. Ukifyatua risasi kwa mtutu uliozibwa, ule moshi wenye presha unaosukuma risasi unakosa njia. Mtutu unaweza kuvimba, unaweza hata kupasuka, na mikono na uso wako viko hapo hapo.

Sikumkimbilia. Ningependa kuwaambia nilimkimbilia, lakini sikumkimbilia. Kilichomwokoa ni mazoea yake. Kabla ya kurudisha bolti alisimama, akaelekeza mtutu kwa jua la jioni, akachungulia.

Akashusha bunduki. Akachungulia tena. Halafu akanigeukia na kusema, "Giza."

Hiyo jioni Guka hakuenda. Mtutu umezibwa, hauanzi kuuchokora na waya nyumbani. Utaharibu ile mifereji au ukisukume kitambaa kibane zaidi. Unapelekwa kwa fundi wa silaha. Kwa hivyo alikaa nje ya nyumba usiku wote na rungu, akisikiliza. Wenzake walirudi alfajiri, wazima, lakini bila ng'ombe. Zilikuwa kumi na moja. Jirani alikuwa na watoto wawili wa sekondari, na Januari mmoja hakurudi shule.

Siwezi kusema kama Guka angeenda zingerudi. Pengine hata yeye angepigwa risasi. Lakini nilimwona huyo jirani akipita barabarani bila kitu cha kuchunga, na nilijua mimi niko ndani ya hiyo hadithi.

Asubuhi Guka aliibeba bunduki hadi stesheni. Nilienda naye. Walipomuuliza nani alikwamisha kitambaa, alisema, "Ni mimi." Akagombezwa mbele yangu kama mtoto, mzee mzima na mvi zake. Hakuniangalia hata.

Tukirudi ndio nilianza kulia, nikamwomba msamaha ya kitambaa. Akaniambia, "Kitambaa si shida. Kitambaa kinatolewa. Shida ni ile eeh."

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, nimeongea hiyo story hapa mara kadhaa. Kile sijawahi sema ni kwamba nilificha semester mbili. Mamangu akipiga simu, "Masomo yako sawa?" Eeh. "Mitihani ulifanya?" Eeh. Kila eeh ilikuwa mafuta juu ya chumvi. Kwa nje niko safi, nacheka, napost. Pesa ya fees alikuwa anatuma, na mimi nilikuwa nakula rent nayo. Kuacha shule sio kitu kilimuumiza mama. Hiyo alikubali kwa wiki mbili hivi. Kile hajamaliza kunisamehe hadi sasa ni zile simu.

Mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli alikuwa Guka. Nilimpigia nikiwa nje ya hosteli na begi. Alinyamaza muda, nikadhani network. Halafu akauliza, "Mama yako anajua?" Nikasema hapana. Nilikuwa karibu kusema eeh, naapa.

Wakati huo Mark 4 haikuwa kwake tena. Mwaka wa 2019 serikali ilikusanya bunduki za reservists ili wachunguzwe upya, na yeye akarudisha yake. Shosho anasema usiku wa kuamkia hiyo siku aliketi nyuma ya nyumba akaisafisha tangu mwanzo, hata kama ilikuwa safi. Akachungulia kwenye taa, akaifunga kwa gunia. Hakuna mtu alikuwa anaenda kumpima kwa hiyo.

Watu hapa huniuliza siri ya kuwa genuine, sijui mwangaza gani, sijui kamera gani. Mimi sina siri. Nina kipande cha kamba kwa droo, kilichokatika, chenye kijiuzito cha shaba kwa ncha. Mtu akiniuliza kama kitu kiko sawa na nasikia ile eeh ikikuja haraka haraka, najua nafaa kuchungulia kwanza.

Na wewe, kama kuna mtu ambaye amekuwa akikuuliza na unamjibu tu eeh, mpigie leo kabla hajaweka bolti.