Kilo Sifuri

Kazi ya kompyuta niliianzia Kayanga, kwenye duka la steshenari, nikichapa barua za maombi ya kazi na kudurufu vyeti. Kuandika programu nilijifunza baadaye, usiku, kwa kufungua kazi za watu wengine na kuangalia zimeshonwaje. Aliyenivuta kwenye kahawa alikuwa katibu wa chama cha msingi kimoja upande wa Kyerwa, mzee aliyechoka kubeba madaftari kwenye pikipiki. Tangu hapo ndiyo kazi inayonilisha: namba ya mkulima, kilo zake, makato yake, pesa yake.

Kwa asiyeijua Karagwe na Kyerwa, kahawa yetu nyingi ni robusta, inaanikwa na maganda yake na kuuzwa hivyo hivyo. Msimu ukifunguliwa, karani anakaa kwenye mizani na kuandika. Malipo yakichelewa au yakikosewa, mkulima hakosi pa kwenda: yupo mnunuzi wa butura, anayenunua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, na gunia nalo linajua kuvuka Mto Kagera usiku kwenda Uganda. Kwa hiyo programu ya malipo huku si pambo.

Niliyoikuta pale chamani ilikuwa ya lugha ya PHP, kazi ya fundi aliyekwisha kuhama. Siku moja ya malipo katibu akanipigia: “Mwalimu, njoo. Kuna mama kalipwa na za mwenzake.” Nilimkuta mama huyo ameketi kwenye benchi, fedha zimefungwa kwenye pindo la kitenge, hajatumia hata shilingi. “Kilo zangu nazijua,” alisema. “Hizi zimezidi.” Mwenzake alikuwa amesimama mlangoni, na jina lake halikuwa na malipo yoyote.

Namba zao za uanachama zilikuwa 0E15 na 0E27. Tarakimu ya kwanza ni kitongoji, herufi ni kikundi, zilizobaki ni nafasi ya mtu kwenye kikundi. Kwa nini kitongoji kimoja kilipewa sifuri, anajua fundi mwenyewe. Shida ni kwamba PHP ikiambiwa ilinganishe maandishi mawili kwa alama ya ==, na yote mawili yakisomeka kama namba, huyageuza kwanza kuwa namba bila kumuuliza mtu. Na herufi E katikati ya tarakimu huisoma kama kipeo cha kumi. Basi 0E15 ni sifuri mara kumi kwa kipeo cha 15, jibu lake sifuri; 0E27 jibu lake sifuri vilevile. Programu ilipita kwenye orodha ikimtafuta 0E27, ikakutana kwanza na 0E15, ikaridhika. Kilo za mama wa pili zikamwagwa kwa wa kwanza.

Walioguswa ni watu wa kitongoji hicho, kikundi E peke yake. Kikundi D hakikuguswa, wala F, na ndiyo sababu kosa lilikaa humo muda mrefu bila kujulikana. Dawa yake ni alama moja ya ziada: ===, inayolinganisha thamani pamoja na aina, na haigeuzi kitu. PHP 8 iliyotoka mwaka 2020 ilirekebisha baadhi ya miujiza hii, kwa mfano sifuri haiwi tena sawa na neno lolote lisilo namba, lakini 0E15 na 0E27 bado ni “sawa” mpaka leo ukitumia alama mbili.

Upande wa simu ya karani kulikuwa na kizungumkuti kingine, nacho kilinifundisha zaidi. Ukurasa wa mapokezi uliandikwa kwa JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliiunda pale Netscape kwa siku kumi mwaka 1995, na haraka ile tunaishi nayo. Siku isiyo na kahawa, juu ya ukurasa palikuwa na kichwa “Mapokezi ya leo” na jedwali lisilo na kitu, chini yake maandishi mekundu: “Hakuna mapokezi.” Karani akiniuliza aamini lipi.

Yote mawili yalitoka kwenye orodha ile ile tupu. Juu, fundi aliuliza tu kama orodha ipo, na JavaScript inajibu ndiyo kwa orodha yoyote, hata tupu. Ni sawa na kuuliza kama debe lipo badala ya kuuliza kama lina kahawa. Chini, aliilinganisha na false kwa alama mbili. Hapo orodha tupu inageuzwa kuwa maandishi matupu, maandishi matupu yanakuwa sifuri, false nayo inakuwa sifuri, na zinalingana. Mbaya zaidi, orodha yenye ingizo moja tu la kilo, nalo likiwa 0, inapita njia hiyo hiyo na kuhesabiwa kuwa haina kitu.

Kwa katibu, hizo ni habari tatu tofauti kabisa. Simu haijaleta chochote: tuma bodaboda akaangalie kama kituo kimefunguliwa. Orodha imekuja tupu: karani alikuwepo, hakuna aliyeleta. Orodha ina sifuri: mkulima alileta, kahawa ikakataliwa kwa unyevu, na kesho atakuja kudai maelezo. Nikaandika upya: kwanza uliza kama orodha imefika, kisha hesabu vilivyomo, kisha ndipo usome kilo.

Vijana wanaotoka chuoni na Python yao hunicheka kwa urefu huo. Kwao orodha tupu, sifuri na None vyote hujibu “hapana”, mstari mmoja unatosha. Mstari ni mfupi kweli, ila unazichanganya mbili za kwanza kati ya zile habari tatu. PHP ya zamani ilikuwa hivyo hivyo: ukihesabu kitu kisichokuwepo ilikupa 0 kimyakimya. Toleo la 7.2 likaanza kuonya, la 8 likakataa katakata. Wenzangu walilalamika programu zao zimesimama, mimi nilifurahi.

Kuna wakati pia utupu ndio jibu lenyewe. Afisa mmoja aliomba takwimu za Kyerwa za mwaka 2010, skrini ikamwambia “Kosa la kusoma data.” Halikuwepo kosa lolote. Kyerwa iligawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kumbukumbu za sehemu zake kama Nkwenda na Kaisho za kabla ya hapo zimeandikwa Karagwe, na orodha tupu ilikuwa inasema kweli.

Mtego wa 0E15 haukai kwenye PHP peke yake. Wewe unayetunza daftari la chama kwenye Excel, chagua safu ya namba za wanachama na ya simu uzifanye maandishi kabla ya kuandika chochote. La sivyo 0754 itabaki 754, na 3E12 itageuzwa kuwa namba ndefu isiyo ya mtu yeyote. Ukibadilisha baada ya kuandika, namba za awali hazirudi.