Barua Zisizoguswa

Katika *La Prisonnière*, riwaya ya Marcel Proust iliyochapishwa mwaka 1923, ya tano katika mfululizo wa saba, mwanamume amemweka mpenzi wake Albertine nyumbani kwake Paris. Humhoji kila arejeapo, na kila jibu humzalia shaka mpya. Hutulia pale tu Albertine anapolala. Barua za Albertine zimo mfukoni mwa kimono iliyoachwa kitini. Mwenye wivu huyo hazigusi.

Hapo tuliona haya. Sisi tumeipekua simu ya mwenzetu angali usingizini, tukajiambia kuwa ni mapenzi. Hatukukuta kitu, wala hatukupata utulivu.

Mwishowe Albertine huondoka asubuhi moja bila kuaga ana kwa ana. Mwenzetu bado yupo. Leo tutamweleza, na tutamwomba radhi.