Chuma cha Bibi wa Ruangwa

Nalikuwa Ruangwa kwa shughuli ya hitima. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, kijana mmoja alinivuta kando akanionyesha kipande cha chuma kilichofungwa katika gunia. Alikishika kwa kitambaa kana kwamba ni nyoka. Kilikuwa na tundu la mpini katikati; upande mmoja kimechongoka kama sururu, na upande wa pili kimenenepa mwishoni, kikawa bapa mithili ya kwato ya punda.

Chuma hicho kilitoka uvunguni mwa kitanda cha bibi yake, mjane mkongwe. Mtoto wa nyumba ile alishikwa na degedege, na katika kuhangaika watu wakapekua nyumba, wakakiona. Basi maneno yakaanza. Wengine walisema ni silaha ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Wengine, ambao tamaa imekwisha wala akili, walisema ni alama ya mali iliyofukiwa na Wajerumani, wakataka kuchimba sakafu ya bibi wa watu. Wabaya zaidi walinong'ona kuwa ni chombo cha uchawi. Mtoto alipelekwa hospitali, akaonekana ana malaria, akatibiwa akapona. Lakini lile neno la uchawi halikuondoka. Bibi alikuwa akila peke yake.

Nikawauliza, "Je, mwenyewe mmemwuliza?" Wakatazamana.

Bibi alipoitwa alisema, "Ni cha marehemu, mwalimu. Alikuja nacho kutoka kazini Nachingwea. Zaidi sikumwuliza."

Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana. Lakini naliona kuisoma tu hakutoshi. Watu walitaka jina la kile chuma. Asubuhi nikakitia katika kikapu, nikapanda gari kwenda Nachingwea, njia ya vumbi na mikorosho.

Vijana wa leo hawajui kuwa Nachingwea ilipata kuwa na gari la moshi. Baada ya Vita Kuu ya pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yalivunjika kwa mizizi, ardhi ya Kongwa ikakauka ikawa ngumu kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea ni watoto wa mradi huo. Reli iliishi kidogo kuliko karanga zilivyotazamiwa: mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyepita miaka themanini, ambaye ujanani alikuwa kibarua wa njia ile. Alikuwa barazani anasuka ukili. Nilipofungua kikapu, alicheka hata akakohoa.

"Hii ni sururu ya gengi!" akasema. "Ncha hii ya kuchokoa kokoto. Na hii bapa ni ya kuzishindilia chini ya taruma, lisititie gari likipita. Tulisimama wanne, wawili huku na wawili huku, nyampara akihesabu, nasi tukipiga kwa pamoja. Mgongo wangu huu ulipindia huko."

Akaagiza ndimu na mchanga, akasugua ubavu wa chuma kwa subira ya ajabu. Zikatokea herufi tatu: E.A.R. Naam, ndiyo alama ya Reli ya Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948. Wajerumani walikwisha ondoka nchini yapata miaka thelathini kabla yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nalikiweka chuma mbele ya wazee wa Ruangwa, nikawasomea herufi zile na kueleza kazi yake. Yule aliyeanza kunong'ona alikuwapo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaondoka kwenda kwa bibi, waliyoyasema sikuyasikia.

Bibi alipokabidhiwa chuma chake alikigeuza-geuza, akapitisha kidole juu ya herufi. Akauliza kama kule Nachingwea yule mzee alimkumbuka mumewe. Nikasema sikumwuliza, nami naona haya mpaka leo. Akaniambia niende tena, na safari hii nichukue jina.