Kasi ya Gurudumu

Hapa Nakwa, mjini Babati, hakuna mtoto asiyeijua baiskeli. Ndiyo maana ninapotaka kumfundisha mwanafunzi wa shule ya msingi maana ya pai, huanza na gurudumu. Lenye kipenyo cha sentimita 70 likizunguka mara moja huacha njia ya sentimita 220, yaani kipenyo mara tatu na ziada kidogo. Ubaoni maneno haya ni makavu. Lakini gurudumu likitembea kwenye kioo cha kompyuta na kuiacha njia yake nyuma, mtoto hujionea mwenyewe.

Michoro hiyo naichora kwa Manim, programu ya bure iliyoanzishwa na Mmarekani Grant Sanderson mwaka 2015. Ni programu nzuri, ila ina haraka zake: usipoitajia muda, matendo mengi huyapa sekunde moja. Sekunde moja, msomaji wangu! Gurudumu limeondoka na kufika, na mtoto aliyekaa nyuma ndiyo kwanza anainua macho. Wala hatauliza. Atanyamaza, na siku zikipita atajihesabu miongoni mwa wale ambao hisabati haikuwekwa kwa ajili yao. Kwa sababu ya mtoto huyo, kasi ya video si jambo dogo kwangu.

Video si kitu ila picha tulivu zinazofuatana. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Televisheni zetu, tangu zilipoanza Bara mwaka 1994, zilitumia 25. Kwenye kompyuta huwa mara nyingi 30 au 60. Tuchukue 30. Mzunguko mzima ni digrii 360. Kila picha ikisogea digrii moja, tunahitaji picha 360, nazo zitadumu sekunde 12. Kwa sekunde moja tunapata picha 30 tu, kila moja ikiruka digrii 12. Wako wanaotaka kupunguza kasi kwa kuzichukua picha hizohizo 30 na kuzionyesha tatu tatu kwa sekunde. Kasi hupungua kweli, lakini gurudumu huchechemea. Mwendo wa taratibu ulio laini hutengenezwa mapema, ndani ya hesabu yenyewe, kwa kuongeza picha za katikati.

Mwishoni huongeza kituo cha sekunde 3 ili akili ipumue. Hizo ni picha 90 zisizobadilika, na gharama yake ni ndogo, kwani video ikibanwa huhifadhi hasa kile kinachobadilika.

Ubora nao una hesabu yake. Watoto wengi huitazama video jioni kwenye simu ya mzazi, na bando la simu hiyo linanunuliwa kwa fedha ya samaki au mahindi. Sekunde 15 zikipewa kilobiti 1,000 kwa kila sekunde, video haifiki megabaiti 2. Zikipewa 8,000, inakuwa megabaiti 15. Je, gurudumu letu linahitaji zote hizo? Mchoro wa mistari michache na rangi zilizotulia hauhitaji. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli karibu mara tano ya ile ya 854 kwa 480. Mimi huchagua hiyo ndogo, kisha nanenepesha mistari na kukuza tarakimu.

Rangi nazo zataka uangalifu. Video nyingi huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini pikseli nne hugawana rangi moja. Kwa hiyo mstari mwembamba mwekundu juu ya buluu huchuja na kufifia kingo, ilhali mweupe juu ya mweusi hubaki safi.

Mashine haimjui mtazamaji. Kazi ya kumjua ni yetu. Kabla sijaigawa video yoyote, humwita mtoto wa jirani nikamwonyesha bila kusema neno. Akiweza kunieleza kwa maneno yake gurudumu limefanya nini, nairuhusu itoke. Akinyamaza, simlaumu, wala siilaumu hisabati. Narudi kwenye kompyuta na kuongeza sekunde.