Nilivyoumbuka Kamanga na Programu ya Mizani!

Kuna kuumbuka mbele ya mchumba, halafu kuna kuumbuka mbele ya mama mtu mzima aliyekuamini na pesa yake. Hiyo ya pili inauma zaidi. Mimi ilinikuta mwaka 2022 kule Kamanga, ng'ambo ya Sengerema, hatua chache tu baada ya kushuka kwenye kivuko cha kutoka Mwanza mjini.

Stori yenyewe iko hivi. Mama mmoja alikuwa ananunua dagaa kwa jumla. Stoo kwake kasheshe haziishi: wauzaji wanalia mizani inawaibia, karani anaapa hajaiba. Mama akaamua mizani yake ya kidijitali iunganishwe na kompyuta, kilo zionekane kwenye skrini kila mtu ashuhudie, na muuzaji aondoke na karatasi yake. Kazi akapewa mshikaji wangu, fundi mwenye karakana ndogo mjini. Mimi, kidato cha nne tu, nilikuwa mbeba begi wake. Ila mtaani nilikuwa najiita injinia. Usicheke.

Mshikaji alitumia LabVIEW, programu ya kutengenezea programu nyingine za kuendesha vipimo na mitambo. Kampuni ya National Instruments ya Marekani iliitoa mwaka 1986. Utamu wake ni kwamba huandiki mistari ya maneno. Unachora visanduku na kuviunganisha kwa nyaya hapo hapo kwenye skrini. Jamaa akachora, akachomeka mizani, kilo zikaanza kucheza kama taa za disko. Bomba! Akageuza mchoro kuwa faili moja la kubofya tu, akaniwekea kwenye flashi. "Nenda kaweke, kazi ya dakika kumi."

Asubuhi nikapanda kivuko kifua mbele, shati jeupe, flashi mfukoni. "Mwangaluka mayu!" nikamsalimia mama. Wauzaji walishapanga foleni na magunia yao. Nikachomeka, nikabofya. Ukatokea ujumbe wa Kizungu kwamba kuna injini fulani haipo. Nikabofya tena, ule ule. Nikazima kompyuta, nikawasha, ule ule. Jasho jembamba likaanza kunitoka, na shati jeupe nalo likaanza kunisaliti.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linanisuta. Badala ya kusema sijui, nikasema: "Mama, kompyuta yako imechoka. Inatakiwa mpya."

"Mpya shilingi ngapi, mwanangu?"

Bila haya nikataja laki saba. Akanyamaza, akavuta daftari, akaanza kupiga hesabu. Mizani ya zamani ikarudishwa, na ugomvi ukaanza pale pale.

Nikatoka nje, nikampigia mshikaji. Alicheka kwanza, halafu akawa mkali. "Kompyuta ya mama ni nzima kabisa. Wewe umepeleka kaseti, hukupeleka redio. Na mimi nimekosea, nilisahau."

Ndio nikaelewa. Lile faili la kubofya halijitegemei. Karakana lilikubali kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa na LabVIEW nzima, ikilibeba kimya kimya. Kompyuta ya mama haikuwa nayo, wala hakuhitaji kuinunua. Ya kutengenezea kazi za biashara ndiyo ya kulipia. Kwa anayetaka kutumia tu, ipo injini ya kuendeshea, inatolewa bure. Sharti iendane na toleo lililotengeneza programu. Na kama programu ni ya biti 32, injini ya biti 64 haisaidii kitu.

Hata injini ikiwepo, kazi haijaisha. Mizani inaongea na programu kwa msaada wa draiva iitwayo NI-VISA, nayo lazima iwepo. Halafu kuna namba ya tundu la waya. Karakana tulikuwa COM3, kwa mama ikasoma COM5. Programu ikitumwa tundu la tatu wakati mizani iko la tano, itangoja mpaka jogoo aote meno.

Injini na draiva ni mamia ya MB, na siku hiyo mtandao pale ulikuwa unasuasua. Ilibidi nirudi mjini. Ningeweza kupanda kivuko kimya kimya, ila nilikumbuka lile daftari. Nikarudi ndani. "Mama, kompyuta yako nzima. Mimi ndiye sikujua. Usinunue chochote."

Akanikazia macho. "Nilishamtuma kijana akaulize bei." Kisha akafunga daftari. "Kesho usije na shati jeupe. Njoo na kazi."

Usiku ule tulifungasha upya: programu, injini na draiva, vyote kifurushi kimoja cha kuingizia kwenye kompyuta. Tukaongeza sehemu ya mtumiaji kujichagulia tundu mwenyewe. Hatukujaribia karakana. Tuliomba kompyuta ya jirani mwenye duka la kutoa kopi, mashine ambayo haijawahi kuona LabVIEW tangu izaliwe. Ilipokubali pale, ndio tukalala.

Kesho yake nilivaa fulana. Nikaweka, nikachagua tundu, gunia la kwanza likapandishwa. Mwenye dagaa akasoma namba mwenyewe kwa sauti, akapokea karatasi yake, akaikunja kwenye pindo la khanga. Akaondoka bila kugombana na mtu. Karani alishusha pumzi, nikajua alikuwa na hamu na siku hiyo kuliko wote.

Kwa hiyo wewe injinia wa mtaani, kitu kufanya kazi kwako si ushahidi kwamba kitafanya kazi kwa mwenzio. Kijaribu kwenye mashine isiyokujua. Na kikigoma, kabla hujamwambia mtu kompyuta yake imechoka, jiulize kwanza begini mwako umesahau nini. Laki saba za mama ni magunia mengi ya dagaa.

Tukutane wiki ijayo!